Dishi Lililotazama Kibla

Mama alipofariki, mwanzoni mwa mvua za mwaka huu, watu waliokuja msibani Mkuyuni walinipa pole kwa kuondokewa na mzazi, nami nikawaitikia kama inavyotakiwa. Sikuwaambia kwamba nilikuwa nalilia kitu kingine juu ya hilo. Kuna swali nililolibeba tangu ujana wangu, na mtu pekee aliyekuwa na jibu lake alikuwa amelala pale chini ya shuka, hasemi tena. Swali lenyewe ni fupi: baba aliacha kuona lini hasa? Nilimuuliza mama mara nyingi, kwa upole na kwa ukali, na kila mara alinijibu lilelile: "Macho ni ya mwenyewe, Zaina. Mimi ningejuaje?" Alikuwa anajua. Mke anayemwekea mumewe sahani mbele asubuhi na jioni hawezi kukosa kujua. Sasa arobaini imepita, nyumba imeshauzwa, na mimi na mdogo wangu Idi tunagawana masufuria na mikeka. Juu ya bati dishi bado lipo. Limelala chali vilevile nilivyoliacha, limeshika kutu, tundu lake la chini limezibwa na majani, na maji ya mvua yamejaa ndani.

Habari za ukoo wetu, nani alitoka wapi akaoa wapi, nawaachia wanaozipenda. Mimi nina mwaka mmoja tu wa kusimulia, ule niliorudi nyumbani kutoka Musoma na sanduku, godoro na talaka. Sikuwa nimefika miaka ishirini na mitano. Walinipa chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama jabali, ambacho saa nane mchana jiwe lilikuwa linakirudishia joto lote lililokusanywa tangu asubuhi. Nililala humo. Mama aliniletea uji, akaniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, akaniletea sato wa kuchemsha na ndimu, na vyote nilivionja nikavirudisha. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo maneno yalikuwa yanatembea juu ya kuta kama paka. Nilimsikia jirani yetu Mama Kulwa akiuliza uani, "Amekula?" Mama akajibu, "Ameonja." Mama Kulwa akasema, "Mayo we! Mtoto mzuri vile anataka kufa kwa ajili ya mwanaume ambaye hata ndevu hana?" Nilicheka peke yangu ukutani, kisha nikalia zaidi, maana ni kweli hakuwa na ndevu.

Baba ndiye aliyenitoa chumbani, na alinitoa kwa sindano. Alikuwa fundi cherehani, akishonea kanzu na sare za shule kwenye baraza yetu ya mbele, na alikuwa fundi wa zamani ambaye watu walimfuata kutoka Igogo mpaka Ilemela. "Zaina!" angeita. "Abee, baba." "Njoo unitungie uzi." Naenda, natunga uzi, narudi kulala. Baada ya muda kidogo anaita tena. Niliona ni ujanja wa mzee wa kunilazimisha kuona jua, nikamwambia hivyo kwa ukali, kwa sababu mwaka ule kila neno langu lilitoka na meno. Hakukasirika. Alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja akasema, kwa sauti aliyokuwa anamwambia nayo mteja urefu wa mkono wake, kwamba amekwenda hospitali na ameambiwa ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki nacho kitakwenda, na dawa za matone kazi yake ni kuchelewesha tu. "Sasa hivi naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa," alisema. "Katikati napaona. Pembeni hakuna kitu." Nilikaa chini pale kwenye vipande vya vitambaa, na tangu siku ile sikurudi kulala mchana.

Sebuleni ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka ulioshapita zamani, ambayo haikutolewa kwa sababu ya picha yake: Al-Kaaba na watu wameizunguka. Kila alfajiri baada ya sala baba alisimama mbele ya kalenda ile akapima macho yake. Hijja ilikuwa imeshamshinda. Sote tulijua na hakuna aliyesema. Siku moja, tukiwa tunakula ugali na furu, alisema jambo ambalo sijalisahau. Alisema maisha yake yote ameshona, na kwamba hakuna kitu alichokitamani kama kuvaa yale mavazi ya hijja, vitambaa viwili tu, visivyo na mshono hata mmoja. "Fundi wa kushona kavaa nguo isiyoshonwa," akasema, akacheka. "Basi hilo limepita. Lakini nasikia siku hizi kuna stesheni inaionyesha Kaaba mchana na usiku, moja kwa moja, bila kukoma. Nikiiona mara moja inavyozungukwa, yenyewe, si ya karatasi, macho yakitaka kwenda yaende." Mama alisema, "Kula, samaki anapoa." Mimi nilikuwa nimeshasimama kwenda kutafuta dishi.

Dishi lilikuja juu ya mkokoteni kutoka baa moja ya Kirumba iliyokuwa imefungwa, pamoja na risiva yake na nguzo yake ya bomba. Lilikuwa kubwa, la futi sita, limebonyea ukingoni. Mama alilitazama akashika kiuno. "Dishi la baa," akasema. "La kutazamia Makka." Hakuruhusu lipite mlangoni mpaka alipolisugua kwa sabuni ya mche na chumvi na kulimwagia ndoo baada ya ndoo, Mama Kulwa akimsaidia huku akimhakikishia kwamba bia haipandi juu ya bati. Televisheni tulikuwa nayo, ndogo, yenye kitambaa cha kudarizi juu yake, na ilikuwa bubu. Spika yake ilikufa zamani na hakuna aliyeihangaikia, kwa sababu mama alisema afadhali iwe hivyo, haina maneno. Fundi redio mmoja wa Igogo, Masanja, alikuja akaunganisha risiva, akaichezea, akaiweka kwenye namba ya ile stesheni. "Bebe binti, hapa usiguse tena," aliniambia, akichanganya na Kisukuma. "Ukilielekeza vizuri kule juu, picha itakuja yenyewe. Usipolielekeza, utaona bluu mpaka uzeeke." Nikamuuliza lielekezwe wapi. Akasema yeye ni fundi wa redio, mambo ya mbinguni hayajui, akanywa chai yake akaondoka.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu, na tulilifanya sote kwa pamoja, kwa moyo safi kabisa. Picha inatoka Makka. Basi dishi litazame Makka. Nani angefikiri vingine? Tangu nijue kusimama nimeelekezwa upande mmoja nikitaka kuongea na kule. Baba alimwita ustadhi wa madrasa ya jirani, akaja na dira ile iliyotumika walipojenga msikiti, akavua viatu akapanda kwenye bati kwa tabu, kanzu kaishika kwa meno. Aligeuza dira, akapiga hesabu, akaninyooshea mkono: kaskazini, kidogo mashariki. Tulilisimamisha dishi wima, uso wake ukaelekea kule, juu ya mapaa na majabali, sambamba kabisa na mihrabu. Ustadhi alisoma dua fupi. Baba alikuwa chini uani, ameinua uso, anatabasamu, na mimi juu pale nilihisi, kwa mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Musoma, kwamba kuna kitu duniani nimekishika sawasawa.

Kutega dishi ni kazi ya watu wawili. Mmoja yuko juu, anasogeza. Mwingine yuko ndani, anatazama kioo na kupiga kelele. Idi alikuwa shule, mama alikuwa sokoni na beseni lake la vitumbua, kwa hiyo juu nilikuwa mimi na mbele ya kioo alikuwa baba. Hata wao wangekuwepo asingekubali. "Kutazama ni kazi yangu," alisema. "Atakayeitambua ni mimi." Alisogeza kiti mpaka magoti yakakaribia kioo. Mimi nafungua nati, nasogeza dishi kama upana wa kidole, naita, "Sasa, baba?" Naye anajibu kutoka chini ya bati, "Bado! Kuna kijistari chini hapa, kimeruka kidogo, kimerudi." Nasogeza tena. "Sasa?" "Bado, mama. Kijistari kimelala kabisa sasa, chekundu." Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Mchana wote tulikuwa hivyo, sasa na bado, sasa na bado, mpaka watoto wa mtaani wakafanya mchezo, wakawa wananiitikia "Bado!" kila nipitapo dukani.

Nililipenda lile bati. Nalisema bila aibu. Bati lilikuwa linaniunguza magoti na mikono, nilikuwa nimejifunga kanga kiunoni kama mwanamke anayekwenda kuchimba kisima, na waliopita chini walisema walichotaka: mtoto wa fundi kaachika, sasa kawa kichaa, anakaa juu ya nyumba. Lakini juu pale hakuna aliyeniuliza kwa nini niliachwa. Niliona ziwa limetanda kule mbele, niliona vile vijidudu vya ziwani vikipanda juu ya maji mithili ya moshi, niliona mapaa ya watu walionisema na mashimo yaliyomo kwenye mapaa yao. Jioni nilishuka nikala. Nilikula kweli, ugali mkubwa na mboga ya mgagani, na mama alinitazama nikila, akaniongeza.

Huku chini mambo yalikuwa yanaharibika na niliyaona moja moja, bila kuyaweka pamoja. Kanzu moja ilirudishwa na mteja kwa sababu mkono mmoja ulishonwa ndani nje. Sare za mtoto zilitoka na mifuko isiyolingana. Wateja walianza kusema watarudi kesho, na kesho yao haikufika. Baba aliniachia cherehani polepole. Kwanza vifungo, halafu pindo, halafu akawa anakata kwa kupapasa nami nashona. Bati lilianza kuvuja pale nilipotoboa kupitisha waya, ukuta ukalowa, na mama akaitoa kalenda ya Kaaba akaikunja isiharibike. Alfajiri ya siku iliyofuata baba alisimama palepale, mbele ya ukuta mtupu wenye doa la maji, kwa muda uleule aliokuwa anasimama siku zote. Nilikuwa nafagia. Nilidhani anawaza.

Miezi ilikwenda hivyo, dishi letu likiitazama kibla kwa uaminifu. Kisha siku moja mama alinituma nikanunue mapanki, yale mabaki ya sangara waliokwisha kutolewa minofu, karibu na kiwanda kimoja cha samaki. Niliposimama kwenye foleni na ndoo yangu, niliinua macho nikaona juu ya paa la kiwanda kitu kama beseni kubwa jeupe, limelala chali, linatazama mawinguni. Nilimwamkia mlinzi, mzee wa makamo aliyekuwa anakula muhogo.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti."

"Lile beseni la nini kule juu? La maji?"

"Beseni!" Alicheka mpaka muhogo ukampalia. "Lile ndilo dishi lenyewe. Wazungu wanatazamia mpira."

"Mbona limelala? Si lingetazama kwao?"

"Kwao wapi? Picha haiji kwa kutambaa, binti. Inarushwa kule juu kwanza, kuna mtambo wao umening'inia, halafu ndiyo inamwagwa. Na hapa kwetu huo mtambo uko utosini. Dishi la huku linalala. Waliolifunga walisema hivyo."

Niliacha foleni. Nilipanda kutoka pale mpaka Mkuyuni na ndoo tupu, na njia nzima nilikuwa natukana, sijui namtukana nani. Sikumtukana ustadhi, maana alichopima alikipima sawa. Nadhani nilikuwa nautukana muda. Nilimwambia baba nikihema, nikamweleza habari ya mtambo wa utosini. Akashika ndevu zake, akasema, "Kwa hiyo hata kwao wenyewe hawaitumi moja kwa moja. Inapanda kwanza." Akafikiri tena. "Basi na sisi tulipaswa kujua. Dua nayo inapanda kwanza." Halafu akasema, "Panda, mama. Tuanze upya." Mama alisikitikia mapanki.

Nililaza dishi. Ilibidi nikate bomba, nilifunge upya, nilitoboe tundu chini ili maji yatoke, kwa sababu mvua ya kwanza ililijaza na kunguru wakalifanya bafu. Korongo mmoja mzee mwenye upara alishuka akasimama ndani yake, akanitazama kana kwamba mimi ndiye mvamizi. Mama Kulwa alikuja na sufuria kuuliza kama tunakinga mvua kwa ushirika. Lakini sasa nilikuwa na uhakika. Nililiinamisha kidogo upande wa magharibi, kama nilivyoliona lile la kiwandani, na nikaanza kutafuta, kidole kwa kidole, nikilizungusha taratibu kama mtu anayepepeta asitake punje idondoke.

"Sasa, baba?"

"Bado."

"Sasa?"

"Bado, mama. Sogeza kidogo."

Kila siku umeme ulipokuwepo nilikuwa juu. Nilisogeza kaskazini, nikarudisha, nikainua, nikashusha. Kijistari hakukitaja tena. Alikuwa anasema "bado" tu, na "sogeza kidogo," kwa sauti ileile ya subira, na mimi nilikuwa nimeshughulika mno na nati zangu hata nisione kwamba zile habari za kijistari kuruka na kulala zilikuwa zimekwisha. Nilianza kukata tamaa. Nilihisi kwamba mlinzi alinidanganya, kwamba kichwa cha dishi kilikufa huko baa, kwamba mimi ni mtu ambaye kila anachokishika kinafunguka mkononi. Nililisema hilo siku moja, kwa sauti, juu ya bati, nikidhani ninasema peke yangu. Kutoka chini baba akaniitikia, "Si kweli. Sogeza kidogo."

Mchana ule ulikuwa wa kawaida. Tulikuwa tumekula mapema, wali mkavu na dagaa wa kukaanga, na jua lilikuwa kali. Nilisogeza, nikauliza, nikajibiwa bado. Nilichoka. Nililiacha dishi palepale lilipokuwa bila kulisogeza, nikalala ubavu kwenye kivuli chake nikajifuta jasho kwa kanga. Nikasikia mlango wa uani, nikasikia beseni linawekwa chini. Mama alikuwa amewahi kurudi kutoka sokoni. Alitoa salamu, baba akaitikia. Kisha nikamsikia mama.

"Baba Zaina."

"Naam."

"Si hiyo hapo?"

"Nini?"

"Makka. Si hiyo hapo, mbele yako?"

Bati lilikuwa linalia kwa joto, tak, tak. Halafu baba akasema, chini kabisa, "Ipo?"

"Ipo."

"Yote?"

"Yote. Kioo kizima."

"Sema polepole. Mtoto yuko juu." Kiti kiliburuzwa. "Nieleze."

"Nikueleze nini, mume wangu? Watu wengi."

"Nieleze kitambaa chake."

Mama alikuwa anapumua kwa nguvu. "Cheusi," akasema. "Cheusi tii. Huku juu kina mshipi wa dhahabu, umedariziwa, umezunguka kote."

"Mshono unaonekana?"

"Hauonekani."

"Umetazama vizuri?"

"Nimetazama. Hauonekani popote."

"Na watu?"

"Wanazunguka," mama akasema, na hapo sauti yake ikakatika. "Wanazunguka tu, kama mtama kwenye ungo."

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumsikia akilia, wala sikumsikia tena mpaka tunamzika. Hakulia kwa kelele. Ilikuwa ni kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Mimi nilikuwa juu ya kichwa chake, kipande cha bati kati yetu, nimeung'ata upindo wa kanga, na mkono wangu wa kulia umeshika nguzo ya dishi kana kwamba ningeiachia ingedondoka na nyumba nzima. Kisha nikamsikia akisafisha koo. Akapaza sauti, ile sauti yake ya barazani, ya furaha: "Zaina!"

"Abee, baba!"

"Imekuja, mama! Imekuja! Naiona! Usiguse tena, shuka!"

Nilikaa kule juu mpaka uso ulipokauka. Nilipoingia sebuleni alikuwa amekaa wima kitini, mikono juu ya magoti, kofia ameinyoosha, uso kauelekeza kwenye kioo. Mama alikuwa anafuta beseni ambalo lilikuwa safi. "Umekiona kitambaa kile?" baba akaniuliza. "Mshipi wa dhahabu huku juu, kazi ya kudarizi hiyo. Na mshono hauonekani popote. Watu wale nao, watazame, wanazunguka kama mtama kwenye ungo." Nilitazama. Wakati ule kamera yao ilikuwa imehamia kwenye minara, na kwenye kioo hapakuwa na Kaaba wala watu, palikuwa na minara miwili na anga tupu. Nilimwangalia mama, naye akaangalia chini. "Naiona, baba," nikasema. "Ahsante, mama," akanijibu. "Umenipa kitu ambacho hakuna mtoto aliyempa mzazi wake mtaa huu." Nilikwenda uani nikatapika wali wote.

Hatukusema, hata mmoja wetu, hata siku moja. Masanja aliitwa akatuunganishia spika ya redio kuukuu, na sauti ya Kurani ikaingia ndani ya nyumba, na baba alikaa mbele ya kioo kile kila siku mpaka alipofariki, akiwaonyesha wageni kwa kidole mambo aliyoelezwa. Mimi niliendelea na cherehani. Ndiyo iliyonilisha tangu hapo, nikaolewa tena nayo, nikasomesha nayo. Watu husema mwaka ule ulinijenga. Labda. Kujengwa siyo kufurahi, na sijawahi kuukumbuka bila kuumia.

Maana kila nikiupanga haupangiki. Miezi ile ya kibla alikuwa anaona. Alinitajia kijistari, chekundu, kimeruka, kimelala. Kwa hiyo macho yalikuwepo wakati picha haikuwepo. Halafu picha ikawepo. Lakini lini? Katika zile siku nilizokuwa nalizungusha dishi lililolala, picha iliingia mara ngapi kwenye kioo, Kaaba yote, mbele ya magoti yake, naye akaniambia bado, sogeza kidogo, nami kwa mkono wangu nikaiondoa? Na siku ya kwanza ilipoingia, je, lile tundu la kitasa lilikuwa limeshafungwa, au lilifungwa wiki ile ile, au jana yake? Nilimkasirikia, nasema kweli, na hasira hiyo sijaimaliza. Angesema tu "sioni." Ningemwita Mama Kulwa akae kwenye kile kiti. Lakini najua pia angesema sioni ningeshuka kwenye bati, na nikishuka ningerudi kwenye chumba cha nyuma, na yeye alilijua hilo kuliko nilivyolijua mimi. Jibu alikuwa nalo mama, na tulimzika nalo.

Leo asubuhi mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja na mkokoteni, amesimama nje anasubiri. Idi, ambaye sasa ana kitambi na watoto, amepanda juu na spana. Amemwaga maji, amefungua nati zangu moja moja akizilaani kwa kutu, amelifunga dishi kamba. Kazi yangu ilikuwa kusimama uani nilipokee. Nilipita sebuleni ili nitoke, na sebule ilikuwa tupu, hakuna kiti, hakuna televisheni, ukutani lile doa la maji bado lipo. Nikasimama pale kiti kilipokuwa. Nikaelekeza uso wangu pale kioo kilipokuwa.

"Dada!" Idi aliita juu ya kichwa changu. "Nimemaliza. Nishushe sasa?"

Mnunuzi alikuwa anagonga geti. Nilifungua mdomo kumwambia ashushe.

"Bado!" nikamjibu.

Akasubiri kidogo. "Sasa?"

"Bado, Idi. Bado."